Gazeti la Vijana wa Bure

Kach. Kisha tena, kach.

Wasikilizaji wapendwa, hiyo ni sauti ya ufunguo ukizungushwa mara mbili kwenye kitasa. Mlango ni wa bluu, ghorofa ya tatu, saa kumi na moja alfajiri. Ufunguo unazungushwa kwa nje. Aliye nje ni binti, anakwenda kazini. Aliye ndani ni mama yake. Amelala macho wazi, anahesabu nyayo za mwanawe zikishuka ngazi. Hamsini, hamsini na moja, mpaka hamsini na nne. Halafu kimya.

Mama huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Alikuwa na miaka sabini na minne. Alifanya kazi ya kusahihisha maandishi katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na mmoja. Na katika mwaka wake wa mwisho, akiwa amefungiwa ndani, alisaidia vijana wanne kuanzisha gazeti. Gazeti la bure, kwa vijana wa miaka kumi na sita mpaka kumi na tisa. Wale ambao si watoto tena, lakini kila wanapofungua mdomo wanaambiwa bado.

Kama una kitu jikoni, wapendwa, punguza moto uje ukae. Nitasimulia polepole.

Kiwandani walimwita Nukta. Baadaye umri ulipoongezeka, wakamwita Bibi Nukta. Jina hilo alilipata hivi. Kila ukurasa, kabla haujapelekwa mtamboni, ulipita mezani kwake. Aliusoma mara mbili. Mara ya kwanza aliusoma kama unavyosoma wewe, kutafuta maana. Mara ya pili aliusoma kinyumenyume, kuanzia neno la mwisho kurudi hadi la kwanza. Alisema macho ni mavivu, yanapenda kuona yanachotarajia. Ukiyarudisha nyuma, hayana la kutarajia, yanaona kilichopo. Akimaliza, alitia nukta moja nyekundu kwenye pembe ya chini. Ukurasa usio na nukta haukuchapwa, hata meneja apige kelele vipi.

Mzee aliyekuwa akiendesha mtambo, ambaye wote wanamwita Fundi Wino, aliniambia: "Siku moja nilimbembeleza. Nikamwambia, dada, watu wanasubiri, tia hiyo nukta. Akaniangalia juu ya miwani. Akasema, kaka, nukta yangu ni kiapo. Wewe unaapa ovyo?"

Kumbukeni neno hilo. Nukta yake ilikuwa kiapo.

Alipostaafu, alihamia kwa binti yake wa pekee, ambaye anafua nguo hospitalini. Si nguo za watu, ni mashuka, mablanketi na mapazia ya wodi. Anaingia alfajiri, anatoka saa tisa alasiri. Waliishi vizuri, mama na mwana, kwa miaka mitano. Asubuhi Bibi Nukta alishuka sokoni, akarudi na maneno ya watu na mboga kidogo.

Kisha akaanguka. Ilikuwa kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Nyonga ilivunjika. Alilala pale kwa saa mbili, na hakuna aliyepita. Binti yake ndiye aliyemkuta, amejikunja ukutani, anatabasamu ili mwanawe asiogope.

Mama alipotoka hospitali, binti alinunua kitasa kipya.

"Mama," alimwambia, "nikikukuta pale tena, nitakufa mimi kabla yako. Nisamehe. Nitafunga."

"Funga, mwanangu," alijibu mama.

Alimpenda. Ndiyo maana alifunga. Sitaki msikilizaji yeyote amhukumu binti huyu, maana mimi sijamhukumu. Alimwachia uji kwenye chupa, alimwachia fimbo karibu na kitanda, alimwachia redio. Ufunguo wa akiba alimpa fundi cherehani wa ghorofa ya pili, akamwapisha: ufungue moto ukiwaka, au mama akipiga kelele. Vinginevyo, hapana.

Lakini siku ni ndefu, wapendwa. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua kumi na nane. Dirisha la sebule lilitazama ukuta wa jengo la pili. Ukibana shavu kwenye kioo, upande wa kushoto ungeona barabara, upana wake kama rula. Bibi Nukta alibana shavu pale hadi kioo kikapata alama. Aliona nusu ya mtu ikipita. Aliona kapu bila mwenye kapu. Miguu ilikuwa inapona, na pa kwenda hapakuwepo. Alimwambia binti yake neno moja tu kuhusu hilo, akacheka alipolisema: "Nimesoma gazeti lililofungia sabuni mara tatu, na nimelisahihisha." Binti naye akacheka. Aliniambia, "Nilidhani ni utani."

Siku mia moja na tisini zilipita hivyo.

Sasa, ngazi zile zilikuwa na wageni wengine. Vijana wanne walikuwa wakikaa pale mchana, nje ya mlango wa bluu, kwa sababu ghorofa ya tatu hakukuwa na mtu wa kuwafukuza. Walikuwa wamemaliza shule na wanangoja matokeo. Nyumbani waliambiwa wanajaza nyumba. Barabarani waliambiwa wanajaza barabara. Kiongozi wao alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, binti wa yule fundi cherehani. Anaitwa Chiriku, kwa sababu hanyamazi. Mwenzake ni mvulana mrefu wa miaka kumi na tisa, Mlingoti. Wengine wawili ni mapacha, wasichana, wachoraji wazuri.

Walikuwa wanapanga gazeti. Chiriku alikuwa anasoma kwa sauti tangazo waliloliandika.

"Vijana wote ambao wanataka kuandika ambayo wanaona yanafaa, mnakaribishwa wao..."

Sauti ikatoka ukutani. "Sentensi hiyo haina kichwa wala miguu!"

Chiriku aliruka. Mlingoti alisimama akagonga kichwa kwenye taa.

"Nani huyo?"

"Mimi. Huku, mlango wa bluu. 'Mnakaribishwa wao' ni nani? Umeanza na wao, ukageukia nyinyi, ukarudi kwa wao. Mgeni wako atajua aingie au abaki nje?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Rudia, tafadhali."

"Bibi, si ufungue mlango, tuongee vizuri?"

Kisha Bibi Nukta akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema hana kiberiti: "Sina ufunguo, mjukuu wangu."

Vijana wakatazamana. Chiriku aliniambia kwamba hapo ndipo alipofanya jambo bila kufikiri. Aliinama, akaisukuma ile karatasi chini ya mlango.

Baada ya dakika kumi ikarudi, nyekundu tupu. Chini kabisa, kwenye pembe, hapakuwa na nukta. Paliandikwa: *Bado. Lakini mna jambo la kusema. Leteni jingine.*

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Kila siku, baada ya saa tatu asubuhi, karatasi zilipita chini ya mlango, kwenda na kurudi. Kabla ya saa tisa walitawanyika, maana binti angerudi. Bibi Nukta hakumwambia binti yake. Hakumdanganya, hakuulizwa. Lakini alijua, na mimi najua, kwamba hiyo ni njia nyembamba ya kupita.

Chiriku aliwahi kumwambia, "Bibi, ufunguo wa akiba uko kwetu, umening'inia nyuma ya cherehani. Mama akienda kununua uzi, ninakufungulia. Dakika tano tu."

"Usithubutu," alisema Bibi Nukta. "Mama yako ameapishwa. Na huu mlango ni wa mwanangu. Ameufunga kwa mkono wake, ataufungua kwa mkono wake."

"Na asipoufungua?"

Bibi akasema, "Leteni ukurasa wa tatu."

Wapendwa, sikilizeni walivyopanga gazeti lile. Lilikuwa na kurasa nne tu. Bibi aliwafundisha akiwa amekaa sakafuni, mgongo mlangoni, na wao upande wa pili, mgongo mlangoni. Ukurasa wa kwanza mpe aliyesimama, alisema, ana haraka, mwambie jambo moja. Wa pili mpe aliyekaa. Wa tatu mpe anayelia. Wa nne mpe anayetafuta. Kwa hiyo ukurasa wa nne uliwekewa mambo ya kutafuta: ofisi gani inatoa kitambulisho, dirisha namba ngapi, fundi gani anapokea wanagenzi, maktaba inafunguliwa saa ngapi. Na ukurasa wa tatu uliitwa Ulizeni Bila Aibu. Vijana waliandika maswali kwenye vikaratasi, bila jina, wakaviacha kwenye kopo la rangi chini ya ngazi.

Walibishana kuhusu neno moja. Neno hilo ni bure.

"Tuandike gazeti la bure," alisema Mlingoti.

"Bure ina sura mbili," alisema Bibi. "Sura moja haina bei. Sura nyingine haina faida. Mtu akisoma haraka, atachukua ipi?"

"Basi tuseme 'linatolewa bila malipo'," alisema pacha mmoja.

"Ah, hiyo ni lugha ya tangazo la maji kukatika," Chiriku akasema. "Bibi, sisi ni bure. Kijana wa miaka kumi na saba hana mfuko. Akiona bure, anasimama. Akisimama tu, tumempata."

Bibi alicheka huko ndani. "Haya. Bure. Lakini kitu cha bure kikiwa na kosa, watu hawasemi kina kosa. Wanasema, ulitegemea nini? Kwa hiyo lisiwe na kosa hata moja."

Hilo ndilo alilolitaka, wapendwa. Alilitaka kuliko kitu chochote. Gazeti litoke, mara moja tu, likiwa safi, kabla vijana wale hawajatawanyika. Matokeo yangetoka mwezi ule, na kila mmoja angekwenda njia yake. Na alitaka, kama ingewezekana, kuliona mkononi mwa mtu asiyemjua.

Fundi Wino alipopelekewa habari, alisema mtambo wa zamani utang'olewa mwisho wa mwezi. Lakini Ijumaa moja ulikuwa na nafasi, na yalikuwepo mabaki ya karatasi. Angechapa nakala mia tano. Kurasa zote zifike mkononi mwake Alhamisi, saa nane mchana, kila moja na nukta yake. "Bila nukta ya dada yangu," alisema, "sichapi hata kama ni gazeti la malaika."

Ikafika Alhamisi. Saa sita na nusu kurasa tatu zilikuwa tayari. Ukurasa wa kwanza tu ulibaki. Mstari wa juu kabisa ulikuwa unasema *Gazeti la bure kwa vijana*, na Bibi Nukta hakuupenda. Alitaka vijana watangulie, bure ifuate. Akaufuta, akaandika upya kwa mkono wake. Akasoma ukurasa mara ya kwanza, kwa maana. Ulikuwa mzuri. Akavuta pumzi ili aanze kinyumenyume.

Hapo wakasikia viatu kwenye ngazi, chini kabisa.

Mashine kubwa ya kufulia ilikuwa imeharibika hospitalini, na wafuaji waliruhusiwa kwenda nyumbani. Binti alikuwa anarudi saa saba mchana.

"Bibi!" Chiriku alinong'ona chini ya mlango. "Anakuja! Toa!"

Bibi Nukta alishika ile karatasi. Hakuwa ameisoma mara ya pili. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kutia nukta kabla ya kusoma mara ya pili. Alitia nukta. Akaisukuma nje.

Chiriku aliificha kifuani, akakaa kama mtu asiye na habari. Binti akafika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mnafanya nini hapa?"

"Tunapunga upepo."

"Kwenye ngazi? Upepo gani upo hapa?"

"Mdogo, shangazi. Tunaugawana."

Binti alicheka kidogo, amechoka. Aliwapita, akafungua, akaingia.

Ijumaa gazeti likachapwa. Jumapili binti alikuwa na mapumziko, lakini Jumamosi alikwenda kazini kama kawaida. Jumamosi ile, asubuhi, nakala moja ikapita chini ya mlango wa bluu.

Bibi aliichukua. Aliinusa kwanza. Aliipapasa. Kisha akasoma mstari wa juu kabisa, ule aliouandika kwa mkono wake mwenyewe.

GAZETI LA VIJANA WA BURE.

Wasikilizaji wapendwa, mmesikia? Si *la bure*. *Wa* bure. Herufi moja tu. Alitaka kusema gazeti ni la bure. Akasema vijana ndio wa bure. Aliponieleza jambo hili, Chiriku alitumia maneno ya bibi mwenyewe: "Neno lilikaa na jirani badala ya kukaa na mwenyewe. Mkono ulipotoka kwenye vijana, ukaendelea na wa. Kinyumenyume ningeliona mara moja."

"Bibi?" walimwita. "Bibi, upo?"

"Someni mstari wa kwanza."

Wakasoma. Mlingoti alianza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini. Chiriku hakucheka. Sasa alielewa kwa nini njiani, walipogawa nakala arobaini za kwanza, kinyozi wa pale chini alisoma kwa sauti kisha akapiga kofi mapaja. "Alaa! Leo mmejisema wenyewe! Vijana wa bure!" Walidhani anatania tu.

"Mjomba wangu anatuita hivyo hivyo," alisema Chiriku. "Kila siku. Mezani."

Na sauti yake, aliniambia, ilikatika, na hilo si jambo la kawaida kwa chiriku.

Nyuma ya mlango Bibi Nukta akasema, "Nimeapa uongo, wajukuu zangu. Nilitia nukta bila kusoma. Leteni zote."

"Zote? Mia nne na sitini?"

"Kumi kumi. Zitapita."

Zikapita. Kumi kumi, chini ya mlango. Juu ya kila moja alikata *wa*, akaandika *la*, kwa kalamu nyekundu. Mkono wake ulikuwa unatetemeka tangu alipoanguka, kwa hiyo alishikilia kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Kila alipomaliza kumi, aliweka nukta. Siku ya kwanza alifanya themanini. Nakala alizihifadhi chini ya godoro, na akalala juu yake. Ulimwengu wake wote sasa ulikuwa hatua kumi na nane na herufi moja.

Jumanne saa tisa binti alirudi. Aliona vidole vya mama yake. Aliangusha mkoba.

"Mama! Umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Hii damu imetoka wapi?"

"Si damu. Ni wino."

"Wino wa nini?"

Bibi Nukta, ambaye hakuulizwa kwa miezi miwili, sasa ameulizwa. Aliinua godoro.

Binti aliniambia, "Nilikasirika, nisikufiche. Nilisimama pale nanuka sabuni ya hospitali, nikamwambia, mama, nimekufungia upumzike, kumbe umeajiriwa chini ya mlango! Yeye akanipa nakala moja. Akasema, soma kwanza, kisha unigombeze."

Alisoma akiwa amesimama. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Akafika wa tatu. Pale msichana mmoja, bila jina, alikuwa ameuliza: kaka yangu ananizuia kutoka nyumbani tangu nimalize shule, anasema nje kuna hatari, nifanyeje? Na jibu lilikuwa hili: *Anayekufungia huenda anakupenda. Usimtukane. Lakini mwambie ukweli. Nguo ikifungiwa kabatini inabaki salama. Mtu si nguo.*

Binti alisoma mara ya pili.

"Mama. Hili umeandika wewe?"

"Nimesahihisha tu."

"Mama."

"Nimeandika."

Mfuaji huyu anajua nguo, wapendwa, kuliko mtu yeyote. Alikwenda jikoni, akafungulia maji, akayaacha yatiririke bure. Akarudi na uso umelowa, akavuta kiti.

"Zimebaki ngapi?"

"Mia mbili na kumi."

"Nipe kalamu. Naandika *la*?"

"*La*. Na usikate sana, utatoboa karatasi."

Walifanya kazi hadi jua likaondoka kwenye ukuta wa jirani. Kila mara mama aliangalia kazi ya mwana juu ya miwani. Mara moja alimrudishia nakala. "Hii *la* yako inafanana na *ba*." Wakacheka. Binti aliniambia walikuwa hawajacheka hivyo tangu kitasa kile kinunuliwe.

Jumapili iliyofuata walimshusha kwa kiti. Binti alishika mgongo wa kiti, Mlingoti alishika miguu ya mbele, mapacha walitangulia na fimbo na mto, na Chiriku alitangulia na kelele. Ngazi hamsini na nne. Bibi Nukta alikuwa ameng'ang'ania mikono ya kiti. "Polepole, nyinyi! Nakala hii ni moja, haichapwi tena!"

Yule kinyozi aliyewacheka alitoka nje. Aliwaona. Aliingia ndani, akaleta mwavuli mkubwa, akausimamisha juu ya bibi ili jua lisimpige, akarudi kunyoa. Mimi huwa naandika mambo kama hayo mahali, ili yasipotee.

Kwa saa moja na nusu Bibi Nukta aligawa gazeti. Watu waliangalia ule wino mwekundu. "Bibi, mbona mmekosea?" "Ndiyo, na tumesahihisha. Chukua." Walichukua.

Msichana mmoja wa miaka kama kumi na tisa, amevaa sare ya dukani, alipita, akachukua, akaenda akisoma. Alifika kwenye kona. Akasimama. Bibi Nukta alimtazama kwa nyuma na akaacha kugawa. Alikuwa ameliona sasa, mkononi mwa mtu asiyemjua. Msichana aligeuka akarudi.

"Bibi, ukurasa wa nne mmesema kitambulisho ni dirisha namba sita. Ni namba tisa. Nilipanga foleni kwenye sita siku nzima."

"Siku nzima?"

"Siku nzima. Mpaka wakafunga."

Chiriku alifumba macho. Kosa jingine! Lakini bibi aliomba kalamu, akaandika *9* kwenye nakala ya msichana, akamshika mkono.

"Mwanangu, sisi tulisoma. Wewe ulipanga foleni. Toleo la pili, ukurasa wa nne ni wako."

Alichukua kazi hiyo. Mpaka leo anaifanya.

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo mambo yote yalifunguka. Hayakufunguka. Binti aliacha kufunga mlango, ni kweli. Vijana waliingia, wakakaa jikoni, wakala mkate wote. Lakini mlango ulipofunguka, ngazi hazikupungua. Zilikuwa hamsini na nne zile zile. Bibi Nukta hakushuka tena kwa miguu yake, na kiti kilimuumiza nyonga. Mapacha walipata nafasi ya chuo mbali. Mlingoti alipata kazi ya kubeba vioo. Mtambo wa Fundi Wino uling'olewa. Na Bibi Nukta mwenyewe alianza kukosa pumzi. Aliendelea kubana shavu kwenye kioo, akitazama ile barabara nyembamba kama rula. Alisema tu kwamba sasa nusu ya mtu inayopita, mara nyingine, inampungia mkono.

Alilazwa mwezi uliopita, katika hospitali ile ile anayofanya kazi binti yake. Chiriku alimpelekea toleo la pili, bado la mwandiko wa mkono. Siku za kwanza bibi aliandika kitandani kwa kalamu yake nyekundu, sasa hakuweza hata kuishika. Akasema, "Nisomee kinyumenyume." Chiriku akasoma, kutoka neno la mwisho. Anasema wagonjwa wa vitanda vya jirani walidhani ni dua. Alipofika katikati, bibi alikuwa amelala. Akaendelea hadi neno la kwanza, kwa sababu hakutaka kutia nukta bila kumaliza.

Bibi Nukta alifariki siku mbili baadaye, Alhamisi, adhuhuri. Binti yake alikuwa zamu. "Mashuka yake yaliteremshwa chini pamoja na mengine," aliniambia. "Niliyajua. Pembeni yalikuwa na wino mwekundu. Wenzangu waliniambia, acha, tutafua sisi. Nikasema hapana. Nilifua. Wino haukutoka wote, na sikuusugua sana."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki natoa pole. Pole kwa binti yake, mfuaji wa hospitali, aliyempenda mama yake kwa namna aliyoijua, kisha akajifunza namna nyingine. Pole kwa Fundi Wino, aliyepoteza dada wa kazi. Pole kwa Chiriku, Mlingoti na mapacha, na kwa msichana wa dirisha namba tisa. Mungu ampe pumziko jema.

Na kwetu sisi tuliobaki. Katika jengo lako, nyuma ya mlango upi kuna mtu anayehesabu nyayo zako? Na wale vijana wanaokaa kwenye ngazi zenu, unaowaruka kila jioni bila kuwaangalia, umewahi kuwauliza wanaandika nini? Nawaachia hilo mlifikirie leo, mkiwa mnafanya kazi zenu.

Nilikwenda kutoa pole Jumapili iliyopita. Niliwakuta vijana wametandaza karatasi meza nzima, wanabishana kuhusu neno. Binti alikuwa amekaa kati yao, anawasikiliza tu na kuwamiminia chai. Saa tisa wakakusanya vitu vyao haraka haraka, kwa mazoea, kama watu wanaokimbia mtu anayerudi. Walikuwa wameshafika kwenye ngazi binti aliposimama akawafuata hadi nje, kitambaa cha vyombo begani, na akainamia ukingo wa ngazi.

"Nyie!" aliita. "Jumapili mje tena. Hata kama hamna la kuandika. Njooni tu."